Mgongo wa Barua

Bibi mmoja wa Buyenzi alikaribia kupoteza nyumba ya baba yake kwa sababu ya wivu wangu. Naliweka neno hili mbele kabisa, asije mtu akasema nilimzungusha. Nyumba yenyewe naijua kwa nje: mlango wa bluu, kibaraza kifupi cha saruji, mabati yanayopakwa rangi kila Ramadhani ikikaribia. Mimi na bibi huyo hatukuwa na ugomvi wowote. Ugomvi wangu ulikuwa na kijana aliyekaa meza ya pili kutoka kwangu, naye hata hakujua kwamba tunagombana.

Kazi yetu si ngumu kuieleza. Ofisini kwetu, Rohero, kuna masanduku ya makaratasi ya zamani ya serikali, mengine ya tangu enzi za Wabelgiji. Fundi wa mashine anayapiga skani moja moja, picha zinaingia kwenye kompyuta zetu, na kwa kila karatasi sisi wawili tunaandika fishi: nani aliandika, alimwandikia nani, alitaka nini, akajibiwa nini. Mistari mitatu, minne ikizidi. Anayekuja kutafuta habari za babu yake hafunguliwi masanduku. Anasomewa mistari yetu, anapewa nakala ya picha, anakwenda zake.

Kwa miaka kumi na saba barua za Kiswahili zilikuwa zangu. Za Kifaransa aliyesoma yeyote anaziweza, na za Kirundi ndiyo usiseme. Lakini barua za watu wa Buyenzi, zilizoandikwa na waandishi wa vibarazani bila nukta wala nafasi, maneno yamebanana kama nyumba za mtaani kwetu, hizo shefu, mkubwa wetu wa ofisi, alikuwa akiniletea mwenyewe mezani. "Hizi ni za kwenu," alikuwa akisema. Nami kichwa kilikuwa kikivimba, sitaki kuwadanganya. Nyumbani sikuwa na cha kujivunia sana, mume alishakwenda na watoto wameshaoa na kuolewa, lakini barua za Kiswahili zilikuwa zangu.

Kisha akaja yeye. Mtoto wa mwalimu kutoka Gihosha, mwimbaji wa kwaya, shati limepigwa pasi hata siku ambazo mtaa mzima hauna umeme. Siku ya kwanza akanisalimia kwa mikono miwili: "Mama, umeamukaje?" Nikapiga hesabu haraka. Ili nimzae, ningekuwa na miaka kumi na minne. Mama!

Kiswahili alikiokota kwenye mpira, alivyosema, na kwa mafundi wa magari. Nilicheka moyoni. Nikasema huyu barua za kwetu zitamshinda kabla ya mwezi kuisha. Miezi mitatu baadaye alikuwa anazisoma kwa sauti huku anakunywa chai.

Na aliandika vizuri kuliko mimi. Haya, nimesema. Kulikuwa na barua mbili za watu wawili walioomba ruhusa ya ngoma za harusi. Fishi yangu ilisema: "Mkazi wa Buyenzi aomba kupiga ngoma za harusi. Imekubaliwa." Yake ilisema: "Baba aomba ngoma zipigwe hadi alfajiri kwenye harusi ya binti yake wa mwisho, aahidi kuwaomba radhi majirani yeye mwenyewe, mlango kwa mlango. Imekubaliwa, hadi saa nne." Jumatatu, kwenye kikao, shefu akaisoma hiyo yake mbele ya watu wote.

"Munasikia?" akasema. "Mutu anasoma, anaona ule baba. Ni vile nataka muandike bote."

"Bote" ilikuwa mimi. Tulioandika fishi tulikuwa wawili tu.

Kuanzia hapo kijiba cha roho kikanikaa kooni, sikitemi wala sikimezi. Nilimwonea wivu kwa mambo ya kijinga. Nilimwonea wivu kwa namna alivyokunja mikono ya shati. Nilimwonea wivu kwa sababu fundi wa mashine, mtu asiyecheka na yeyote, alicheka naye. Mchana alileta maharage na ndagala, dagaa wa ziwani, kwenye bakuli lenye kifuniko, mkewe amemfungia vizuri na kitambaa, na kabla hajagusa kijiko alinisogezea bakuli: "Karibu, mama." Nikasema nimeshiba. Nilikuwa na njaa mbaya. Juu ya hayo shefu akatangaza kwamba mwisho wa mwezi angemteua mkuu wa fishi, mmoja kati yetu.

Sasa kuna jambo moja ambalo huwezi kulijua kama hukukulia Buyenzi. Zamani zile mtu aliyepeleka ombi akakataliwa hakuandika barua nyingine. Kuandika nyingine ilikuwa kama kumwambia mkubwa kwamba amekosea, na mkubwa haambiwi hivyo. Ulirudi nyumbani na barua yako ile ile, ukawatafuta wazee watatu wanaokujua, wakaweka vidole gumba mgongoni mwa karatasi, ukairudisha kimya kimya, umeigeuza kifudifudi. Mkubwa akipenda, alijibu pale pale nyuma, chini ya vidole. Mbele pakabaki "hapana," nyuma pakawa na "ndiyo," na hakuna aliyeaibika. Marehemu mama yangu alinieleza hivyo nikiwa mdogo, na vidole vya babu yangu viko kwenye barua za watu wengi.

Kwa hiyo barua za kwetu lazima uzigeuze. Nililijua hilo kwa miaka kumi na saba na sikumwambia yeye.

Kila fishi husomwa na jicho la pili kabla ya kuingia kwenye daftari kuu. Mimi nilikuwa jicho lake la pili, na yeye langu. Asubuhi moja, saa moja tu baada ya kikao kingine ambapo shefu alisoma tena maneno yake, ikanifikia fishi ya barua ya parseli. Mwanamume wa Buyenzi anaomba kiwanja alichoachiwa na mjomba wake kiandikwe kwa jina lake. Juu, kwenye kona, penseli nyekundu: "Refusé." Na kijana wetu akaandika kwa ule ufundi wake: "Aomba kiwanja cha marehemu mjomba wake, aliyemlea tangu utotoni. Ombi limekataliwa."

Nikafungua picha. Siku picha hiyo ilipopigwa, umeme ulikuwa unakuja na kuondoka, fundi akawa anakimbizana nao, akapiga uso wa mbele tu. Lakini wino wa zamani hupenya. Katikati ya karatasi, nyuma ya maneno, palikuwa na vivuli vitatu vya duara, zambarau iliyofifia, vimepangana mstari mmoja.

Vidole. Sikuwa na shaka hata kidogo.

Niliweka kalamu chini. Nikaishika tena. Yeye alikuwa mezani kwake akiimba polepole wimbo wa kwaya, sauti nzuri, hata hiyo amepewa. Nikawaza: mwache akosee. Akosee kitu kikubwa, kijulikane, shefu akisome nacho kwenye kikao. Nikaandika herufi mbili za jina langu kwenye kisanduku cha jicho la pili, nikaipeleka fishi kwenye daftari kuu. Herufi zangu sikuzihofia. Nani husoma herufi za jicho la pili?

Sikumfikiria mwenye nyumba. Niliona kosa la mwenzangu, basi.

Wiki tatu zikapita. Nilikula vizuri siku zile, nakiri.

Kisha akaja bibi. Nilimtambua alipoingia, amejifunga kitenge cha njano, anashika ukuta. Watoto wa binamu yake walikuwa wanasema baba wa bibi, yule mwenye barua, alikuwa mgeni tu katika ile parseli, kwamba mjomba alimhifadhi na hakumwachia kitu. Baraza la mtaa lilimpa hadi Alhamisi alete karatasi. Ilikuwa Jumanne. Akikosa, mlango wa bluu ungefunguliwa na funguo za watu wengine.

Kijana ndiye aliyempokea. Alitafuta, akapata, akatoa fishi, akachapisha picha. Kisha hakumpa tu hivi hivi. Alivuta kiti, akakaa karibu naye, akamsomea mstari kwa mstari, na alipofika mwisho akashusha sauti.

"Banasema walikataa, bibi. Yoo, unisamehe. Ni vile imeandikwa."

Bibi hakulia. Aliitazama karatasi kama mtu anayetazama sahani ambayo hakuiagiza.

"Apana," akasema. "Baba hakukatazwa. Mi nilizaliwa mule. Ile barua ilikuwa na vidole ya wazee, mi niliviona na macho yangu. Mutoto hasahau vile."

"Hapa hakuna vidole, bibi."

"Viko."

"Bibi, angalia mwenyewe."

Naye akaangalia, na macho yake hayakuona hata maandishi makubwa. Kijana akamshika mkono. Na mimi, wallahi, pale pale, nyumba ya watu inakwenda, nikamwonea wivu kwa namna alivyomshika bibi mkono.

Hicho ndicho kilichoniamsha. Nilijiona. Nikainuka, nikaenda depo, ghala la masanduku, nikamwambia mtunza masanduku anipe lile sanduku, nikaitoa barua kwenye jalada lake. Nikaigeuza. Vidole vitatu, majina matatu pembeni, na chini yake, kwa wino mweusi na mhuri, "Accordé." Nilirudi nimeishika kwa viganja viwili, nikailaza mbele ya bibi.

"Salamu alekum, mama," nikamwambia. "Vidole hivi hapa. Baba yako alikubaliwa."

Bibi aliviwekea kidole chake juu, kimoja baada ya kingine, akaniuliza kipi ni cha nani. Nikamsomea majina. Cha katikati kilikuwa cha mzee aliyemfundisha Kurani. Hapo ndipo alipolia.

Kijana alijipiga paji la uso, akamwomba bibi radhi kwa Kiswahili, kwa Kirundi, kisha tena kwa Kiswahili. Fundi akaja mbio kupiga picha ya mgongo. Shefu alitoka ofisini kwake kusikia kuna nini.

"Kosa ni yangu," kijana akasema kabla hajaulizwa. "Mi sikugeuza. Bila mama hapa, ule bibi angepoteza nyumba."

Shefu alinitazama kwa macho ambayo sikuwa nimeyaona tangu kijana aje. "Ni vile nasema siku yote," akasema. "Kusoma si kuandika vizuri tu." Sikumbuki kama amewahi kusema hivyo siku hata moja. Mwisho wa mwezi akaniteua mkuu wa fishi. Bibi naye alipata nyumba yake, na Ijumaa akatuma sahani ya vitumbua ofisini, kwa jina langu.

Lakini fishi ilibidi iandikwe upya, na fishi iliyorekebishwa nayo inahitaji jicho la pili. Niliiandika mimi. Niliandika vizuri, nadhani ndiyo nzuri kuliko zangu zote, na wazee watatu wamo. Nikampelekea.

Aliisoma yote. Kisha akatoa ile ya zamani, akaiweka kando yake. Niliona anapotazama. Alikuwa anatazama kisanduku cha chini, kwenye herufi zangu mbili.

"Mama," akasema, sauti ya chini, hata fundi asisikie. "Siku ile uliona vidole."

Ningeweza kusema sikuona. Umeme ulikuwa mbaya, macho yangu yameanza kuchoka, angeniamini au angejifanya kuniamini.

"Niliona," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. "Nilijua. Vidole we haviwezi kukupita." Hakuwa na hasira. Nilizitafuta hasira usoni mwake kwa bidii, nikazikosa. Alitia herufi zake kwenye fishi mpya, akanirudishia kwa mikono miwili, kisha akafungua bakuli lake. "Karibu, mama."

Nilikula. Sikujua la kufanya jingine. Na nikangoja ainuke aende kwa shefu. Nilingoja siku ile, nikangoja wiki ile yote, nikimwona anapita mlangoni kwa shefu roho inanipaa. Sasa ni mwaka na zaidi. Niko kwenye kiti cha mkuu, barua za kwetu tunagawana, yeye anageuza kila karatasi, na hajasema neno kwa mtu.

Ningekuwa mimi, ningekwenda kusema kabla chai haijapoa.