Fundi cherehani na ndege isiyotoka chumbani

Saa nne asubuhi cherehani inanyamaza. Fundi anakata uzi kwa meno, anakunja sketi ya sare aliyokuwa akiipinda, kisha anaita kuelekea uani: "Baba, ndege iko tayari!"

Mzee anakuja akipapasa ukuta, hana haraka. Anapita kati ya marobota ya vitambaa, anaingia chumba cha nyuma na kuketi kwenye kiti kilichong'olewa kwenye basi bovu. Ananyoosha mkono juu ya kichwa chake, na vidole vinatua kwenye swichi bila kutafuta, kama mtu anayejikuna sikio.

"Beteri," anasema, na taa ndogo zinawaka mbele yake. "Pampu." Kwenye spika unasikika mlio mwembamba. Mzee anausikiliza, anaridhika, anashika swichi nyingine. Injini ya kushoto inakohoa, inashika, inanguruma, na kuta za chumba kile cha kuwekea mabaki ya nguo zinatetemeka.

Mwandishi wa makala haya amepanda ndege mara kadhaa na kila safari alisinzia. Hapa, ndani ya ndege isiyo na mabawa wala magurudumu, alibaki mdomo wazi.

Wateja wanamwita fundi huyu Pindo, kwa sababu kwa kupinda nguo hana mpinzani mtaani. Baba yake ni Mzee Spana, jina alilopewa na wenzake kwenye karakana ya ndege, alikotengeneza injini za ndege ndogo za pangaboi mbili mpaka alipostaafu. Presha ya macho ilimfuata huko huko kazini. Leo dunia kwake ni ukungu. Anatofautisha dirisha na ukuta, basi.

"Alikuwa anakaa uani anauliza saa ngapi," Pindo anasimulia. "Ukimjibu, anauliza tena. Siyo kwamba amesahau. Hana kazi nyingine."

Aliyewasha moto ni fundi simu wa kibanda cha jirani, aliyekuwa na mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta yake. Siku moja mzee alipita na Pindo, binti yake, akasimama ghafla akitega sikio. "Hiyo injini imechelewa kushika," alisema. Pindo anasema hakuwa amemsikia baba yake akitumia sauti hiyo tangu astaafu.

Tatizo likawa kipanya. Kwenye mchezo ule, kuwasha chochote ni lazima ufuate kishale kidogo kwenye kioo, na mzee hakioni. "Kipanya kinataka macho," anasema Pindo. "Mikono yake ilitaka swichi."

Basi akamtengenezea swichi. Alinunua kompyuta iliyokwishatumika, akaokota swichi kwenye mashine za kiwanda zilizouzwa kama chuma chakavu, akazipanga kwenye ubao huku baba yake akimwelekeza: hii juu zaidi, ile iwe na kifuniko, hizi mbili ziachane kidole kimoja. Vishikio vingine ni vizibo vya chupa za mafuta ya kujipaka. Nyuma ya ubao, nyaya zimefungwa kwa uzi wa rangi: nyekundu ni umeme, kijani ni mafuta, njano ni taa. Ukizitazama unaona kazi ya mshonaji, hakuna uzi unaoning'inia.

Kuzifunga kulikuwa rahisi. Kuzifundisha kusema na ndege ndiko kulikompasua kichwa. Kila swichi huingia kwenye kadi ya saketi iliyo ndogo kuliko kiberiti, na kadi hiyo lazima iandikiwe maagizo: mtu akigusa hapa, iambie kompyuta ifanye hivi.

"Mimi nilimfundisha kulehemu," anasema fundi simu akicheka. "Ya kuandika programu nilimwambia, dada, hapo mimi simo."

Pindo alijikaza kisabuni. Alisimamisha simu kwenye cherehani, akawa anatazama video za wageni wakifundisha programu huku mguu ukikanyaga. Swichi yake ya kwanza ilikuwa ya magurudumu. Aliigusa mara moja, na ndege ikakunja magurudumu, ikayatoa, ikayakunja tena. Kumbe chuma kilicho ndani ya swichi hutetemeka kabla ya kutulia, na kompyuta huhesabu kila mtetemo. Ilibidi aiagize isubiri kidogo kabla ya kuamini.

"Nilicheka mpaka nikalia," anasema. "Halafu nikalia kweli."

Mzee alipoanza kuwasha injini mwenyewe, nyumba ilichangamka. Aliacha kuuliza saa. Kisha mambo yakaharibika, tena kwa namna ambayo mtu hamwombei adui yake.

Siku moja injini iliwaka, siku iliyofuata ikakataa. Mzee alirudia hatua zote, ikakataa. "Swichi iko chini lakini pampu naisikia," alilalamika. "Nikiipandisha inanyamaza. Kinyume." Pindo alitazama maagizo yake, hakuona kosa. Akamwambia kwa upole kwamba labda amechanganya.

Yalipotokea mara ya tatu, mzee hakulalamika. Alisema tu, "Nimesahau," akainuka, akarudi uani. Macho yalikwenda na akavumilia, kwa sababu alijua kichwa kipo. Sasa aliamini nacho kinakwenda.

Kaka mkubwa wa Pindo aliitwa. Akaamua baba ahamie kwake, ambako kuna mtu wa kumwangalia mchana, na ule ubao ufumuliwe. "Unamtesa mzee kwa michezo," alimwambia dada yake. Roho ilimuuma Pindo kwa sababu alidhani kaka yake anasema kweli.

Alipoingia kuufumua, alikaa kwanza kwenye kiti cha basi. Akawasha kompyuta, akafumba macho, akafanya kama baba yake anavyofanya: fundi mwangalifu kabla ya yote hushusha kila swichi. Alipoishusha ile ya pampu, akasikia mlio. Akaipandisha, ukanyamaza.

Kosa lilikuwa lake. Kila swichi alikuwa ameiagiza "geuza hali iliyopo", badala ya "juu ni kuwasha, chini ni kuzima". Siku ambazo mzee alizima ndege vizuri, yote yalikwenda sawa. Siku alizoitwa kula akaacha swichi juu, kesho yake mchezo ulianza upya kila kitu kikiwa kimezimwa, na swichi bado ziko juu. Mzee akizishusha zinawasha, akizipandisha zinazima. Uangalifu wake mwenyewe ndio uliomponza, na alichokuwa akikisikia kilikuwa sahihi neno kwa neno.

Pindo aliandika upya maagizo ya swichi zote, kisha akaenda uani, akapiga magoti.

"Nilimwambia, Baba, nisamehe. Kichwa chako kizima. Kibovu ni changu."

Mzee aliuliza, "Una uhakika, mama? Usinifariji." Pindo akamshika mkono mpaka chumbani. Mzee alishusha swichi zote, akangoja. Kimya. Akapandisha pampu, mlio ukaja. Anasema Pindo kwamba baba yake hakuwasha injini siku hiyo. Alikaa akipandisha na kushusha swichi ile moja, na machozi yanamtoka.

Kaka mkubwa alikuja na gari la kumhamisha mzee. Alisimama mlangoni mpaka injini zote mbili zikawaka, akaondoka na gari tupu. Wiki iliyofuata alileta feni, maana kile chumba kina joto.

Sasa kuna mpango mpya, na si wa Pindo. Mzee ameanza kuchoka.

"Kila siku inawaka," analalamika, akizima injini moja baada ya nyingine. "Mimi sikuwa rubani. Ndege nzima walimpa rubani. Mimi walinipa iliyokataa."

Kwa hiyo Pindo ameirudisha simu kwenye cherehani. Anajifunza kuandika maagizo ya ubovu: pampu inayodhoofika, beteri inayokufa taratibu, injini inayokosa mafuta upande mmoja.

"Naogopa," anakiri. "Kosa langu moja lilitaka kummaliza. Leo ananiomba nikosee makusudi."

Mzee anageukia mahali sauti ilipotoka. Uso wake umekunjuka.

"Weka kosa Jumamosi," anamwambia. "Weka gumu. Halafu usinidokeze liko wapi."