Vibano vya Milango ya Shehena

Mzee anayewatembeza wageni katika meli yetu ya makumbusho, hapa Ziwa Superior, Amerika Kaskazini, hasemi neno kabla hajafunga vibano vyote vinavyoubana mlango wa kwanza wa shehena usiingize maji. Vipo sitini na vinane, naye huvipapasa kimoja kimoja kwa kidole gumba.

"Babu, unaogopa tutazama hapa gatini?" mgeni mmoja alimtania jana.

Mama mwenye daftari akauliza, "Na ile meli pacha ya hii, iliyozama, vilifungwa vyote?"

Mikono ya mzee ikasimama. "Vinne tu kila mlango, mama. Tulikuwa na haraka ya kung'oa nanga. Nilivifunga mimi, kisha nikashushwa nikang'olewe jino. Wenzangu ishirini na sita wakaondoka."

Msimamizi akamvuta kando. "Mzee, watu wamekuja kufurahi. Bango letu linasema ile meli ilizamishwa na dhoruba. Sema dhoruba, au baki nyumbani."

Kundi la pili lilipouliza kwa nini meli ile ilizama, mzee alitazama viatu vyake, akajibu kwamba ziwa lilichafuka, hakuna aliyekosea. Wakampigia makofi.