Athanase na Mwanamke Aliyekamua Ng'ombe wa Noeli

Ukungu bado umekalia mapaa ya Mweso, huku milimani Masisi, na Athanase amepiga magoti mbele ya tanuri la udongo kama mtu anayeungama. Anaondoa tofali moja, anachungulia, analirudisha. Muda si muda analiondoa tena. Mkewe, Léontine, aliyemletea viazi vya kuchoma, amesimama nyuma yake akimcheka.

"Papa Athanase, wacha. Hata kuku yenye kulalia mayai haiamuke kila saa kuyaangalia."

Ndani ya tanuri hamna mayai. Kuna kichwa cha mzee, kilichochorwa juu ya kipande cha kioo kisichozidi kiganja. Kikipasuka, Athanase atarudi kutengeneza mabenchi. Kikitoka kizima na kikipokelewa na watu, ataendelea na madirisha yote yaliyobaki ya kanisa hili dogo la kilimani. Kesho ni Jumapili ya mwisho kabla ya Noeli ya mwaka huu wa 1955, na Padri amesema hatangoja zaidi.

Athanase ni mtoto wa Ntoto, kule msituni Walikale. Alipanda huku juu kubeba mbao za ujenzi na kutengeneza mabenchi ya kanisa, akabaki kwa sababu Bruda mmoja fundi wa madirisha ya vioo alimwona anashika kioo kama watu wengine wanavyoshika mtoto mchanga. Bruda akamfundisha kukata, kuchora na kuchoma. Kisha ugonjwa ukamrudisha Bruda Ulaya, na Athanase akarithi tanuri, kalamu ya kukatia yenye ncha ya almasi, na kasha la vioo vya rangi lililokwisha nusu.

Kazi ya kwanza aliyopewa peke yake ilitoka kwenye kadi ya Noeli. Kadi yenyewe ndogo, lakini mchoraji wake hakujua kunyima: malaika kundi zima, kondoo, taa, majani makavu unayoweza kuyahesabu, hata soksi za mchungaji mmoja zina mistari. Padri alitaka yote hayo yawe dirisha.

"Picha iko na vitu mingi, kioo haitaki vitu mingi," anasema Athanase. "Kila kitu unaweka, lazima uikate. Na kila unapokata, inaweza kukuvunjikia mu mikono. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kuchora. Ni kufukuza."

Akafukuza. Akakuza picha kwenye karatasi pana, akapiga mistari minene pale ambapo vipande vitaunganishwa kwa ukanda wa risasi, yale madini laini ya kijivu. Malaika akabaki mmoja, naye amejibana pembeni. Soksi zikaenda zake. Na hapo ndipo kosa lilipoingia bila kubisha hodi.

Kwenye kadi, mwanamke mmoja amepiga magoti akitoa kikapu cha mayai. Kikapu cha kusukwa hakikatiki kwenye kioo, kikatolewa. Ili kuziba nafasi, Athanase akamvuta mbele yule dume la ng'ombe aliyekuwa anasinzia nyuma. Mikono ya mwanamke ikabaki imenyooka mitupu, chini kidogo ya tumbo la mnyama.

"Nikasema, hii mikono iko bure, niipe kazi," anasimulia bila haya. "Mama Maria amezaa, anahitaji maziwa. Nikapatia ile dume kiwele, nikatia chombo chini. Kwetu Ntoto hakuna ngombe. Nilizani muntu yeyote mwenye mikono anaweza kukamua."

Msomaji wa Walikale huenda haoni tatizo. Msomaji wa malishoni Masisi ameshashika kichwa. Katika familia za wafugaji huku, mwanamke huosha vyombo vya maziwa, husukasuka siagi, huuza maziwa sokoni, lakini hagusi chuchu ya ng'ombe. Kukamua ni kazi ya wanaume. Mwanamke akikamua, wanasema, ng'ombe hukauka.

Dirisha likawekwa. Jumapili ile jua likapita ndani yake wakati Padri anahubiri juu ya furaha, na furaha ikaanzia benchi za akina mama. Mama Kanyange, muuza maziwa wa barabara ya Kitshanga, aliangalia juu akasema kwa sauti ambayo si ya kanisani:

"Mie tangu niolewe sijagusa ngombe. Huyu wa ku kioo, nani alimupatia ruhusa?"

Akina mama walicheka hadi vitambaa vya kichwani vikaanguka. Mume wa Mama Kanyange, mzee Sebarenzi, hakucheka. Aliokota fimbo yake akatoka, na wafugaji wakamfuata. Tangu siku hiyo wanasali uani, mvua inawanyeshea, nao hawasogei.

Padri, ambaye alikuwa amemsifu yule ng'ombe, alimwita Athanase akamwambia kwa upole kwamba matofali ya kanisa yalibebwa na watu hao hao, na kanisa haliwezi kuwafukuza. Arekebishe kabla ya Noeli, la sivyo madirisha yote yatawekwa kioo cheupe cha kawaida.

Kurekebisha si kufuta. Rangi ya kuchorea ni unga wa chuma na wa kioo, ambao Athanase huukoroga kwa kasiksi, pombe ya ndizi, iliyochacha. Ikishaiva motoni, imekuwa kioo. Nguo ya yule mwanamke nayo ilikuwa imemeza kioo chekundu cha mwisho kilichobaki kashani. Kumtoa mzima kulimaanisha kuacha tundu.

"Nikaangalia siku mingi. Kisha nikaona shingo," anasema. "Shingo iko na ukanda wa risasi. Ile njo ilikuwa mulango."

Yaani abadili kichwa tu. Nguo haina neno, kwa kuwa wazee wa malishoni nao hujitanda shuka begani. Kilichopungua ni uso wa mchungaji wa kweli.

Akamwendea Sebarenzi kuomba msamaha, huku amebeba ubao mdogo na kipande cha mkaa. Mzee hakumkaribisha kukaa. Alimwuliza, mbele ya watu wote wa boma: "Wewe mutoto wa pori, ngombe uliyaona wapi? Mu supu?" Akaendelea kwa muda mrefu. Athanase aliinamisha kichwa, wote wakadhani ni aibu. Alikuwa anachora.

Asubuhi hii tanuri limepoa, na kichwa kinatoka kizima: ndevu, mikunjo ya paji, mdomo wazi. Athanase anakipandisha dirishani na kukifunga shingoni kwa risasi.

Jumapili, Mama Kanyange anatangulia kuingia. Anatoka amejiziba mdomo kwa kitambaa na kumwambia mumewe kuna mzee mmoja ndani anayemfahamu.

Sebarenzi anasimama mlangoni, kisha katikati ya kanisa. Anaangalia juu. Huku, mchungaji akikamua humwimbia ng'ombe ili aachie maziwa; mtoto wa msituni hakulijua hilo, alichora tu mtu anayemtukana. Lakini wazee walioingia nyuma wanaona mdomo ule wazi na kuanza kunung'unika kwa kuridhika kwamba mzee anaimba vizuri. Sebarenzi peke yake anajua alikuwa anasema nini. Anakohoa.

"Mikono iko bado ya mwanamuke," anasema.

"Ni kweli, Papa," anajibu Athanase.

Kijana mmoja anauliza kutoka uani kama wanabaki huko. Sebarenzi anaketi benchi ya mbele, fimbo katikati ya magoti.

"Nitakaa inje namna gani, na niko tayari ndani?"

Wafugaji wanaingia, wamelowa.

Padri ameshampa Athanase dirisha la pili: Tobia akisafiri na malaika, mbwa wake nyuma. Athanase anataka awe mbwa wa kuwinda wa kwao, mwenye kengele shingoni. Safari hii hajagusa kioo. Amekunja karatasi yake, Léontine amefunga viazi vya njiani, na wiki ijayo watashuka kwa miguu hadi Ntoto kuwaonyesha wawindaji mchoro wake wa makaa.

"Nataka banitukane sasa," anasema, "wakati makaa ingali inafutika."