Maswali Arobaini na Mawili Yaliyoachwa Wazi

Katika maabara ya vimelea ya chuo kikuu kimoja alikuwako mwanamke ambaye wanafunzi walimwita Mama Hadubini, na jina hilo lilimkaa kama nguo iliyokatwa na fundi anayemjua mvaaji. Kwa miaka ishirini na miwili alitandaza matone ya damu juu ya vioo vidogo, akayatia rangi, akayaosha, akayaanika, kisha akainama juu ya hadubini na kuhesabu. Waliokuja kusomea uzamili, hata wale wenye maneno makubwa kuliko vichwa vyao, walipita kwanza mikononi mwake. Wengine waliondoka na kurudi na vyeo. Mmoja wao sasa alikuwa mkuu wa idara.

Kanuni yake ilikuwa moja. Kioo ambacho hakupata muda wa kukichunguza, aliandika kando yake "hakijasomwa", wala hakuandika namba. Aliamini kuwa namba isiyoonwa na jicho ni ushahidi wa uongo, na ushahidi wa uongo una hesabu yake mbele ya Mwenyezi Mungu, hata kama hapa duniani haukugunduliwa na mtu.

Shahada ya kwanza aliipata kwa masomo ya jioni, akiwa tayari mzazi. Sasa alitaka uzamili. Chuo kiliwafadhili watumishi wasiozidi miaka arobaini na mitano, na kabla ya mwaka kuisha angetimiza arobaini na sita. Mlango ulikuwa unafungwa, naye yuko kizingitini.

Mtihani wa kuingilia ulikuwa na maswali mia, kila moja na majibu manne ya kuchagua, kwa saa mbili. Aliyepata chini ya sitini, faili lake halikufunguliwa. Matokeo yalipokuja, binti yake aliyekuwa sekondari aliyasoma kwa sauti mezani, kisha akayarudia kimya.

"Mama, umejibu hamsini na nane."

"Ndiyo."

"Umepata hamsini na saba!"

"Hilo moja nalijua. Lilinisumbua."

"Na haya arobaini na mawili?"

"Muda uliisha."

"Si ungepaka tu penseli popote! A, B, ukichoka C. Hata kuku akidonoa pale angekupatia kumi!"

"Basi kuku aende chuo kikuu."

"Usinichekeshe, nina hasira. Haraka haraka haina baraka, sawa, lakini mtihani una saa!"

"Nitie alama kwenye swali nisilolisoma, kisha niseme ni jibu langu?"

"Hukukatazwa, Mama. Karatasi yenyewe imeandika: kukosea hakupunguzi alama."

Hilo lilikuwa kweli. Mama alikwenda nalo kazini siku iliyofuata, akijiuliza kama uadilifu wake ulikuwa uadilifu kweli, au ukaidi uliovaa nguo za ibada. Kwani pale ambapo kanuni inajulikana na wote, anayebahatisha anamdanganya nani?

Mkuu wa idara alimwita kabla ya adhuhuri.

"Keti, Mama. Sitini si aya iliyoteremshwa. Kanuni inaniruhusu kumsamehe mwombaji mmoja, na mwaka huu ni wewe. Ulinifundisha mwenyewe kushika kioo. Eti leo karatasi iniambie hujui?"

Pembeni aliketi katibu wa udahili, kijana mwembamba waliyempa jina la Rula kwa ajili ya mstari mwekundu alioupiga kila mwaka chini ya sitini.

"Mkuu, naomba niseme."

"Sema, Rula. Hata nikikukataza utasema."

"Mama yetu anastahili, sibishi. Lakini tunasema anastahili kwa kuwa tunamjua. Mimi nilipoomba nafasi hapa nilitoka mbali, na jina la shule yangu hakuna aliyekuwa amelisikia. Sikuwa na wa kunisemea kwenye korido hizi. Namba yangu ndiyo iliyonisemea. Tukianza kufunguliana milango kwa kujuana, watu kama mimi watabaki nje na namba zao nzuri."

Mama Hadubini alikuwa ameingia mle akiwa na kinyongo na kijana huyu na mstari wake. Hata hivyo maneno hayo yalimpata. Aliiona namba kuwa ni shahidi: mkweli kwa jambo dogo aliloliona, bubu kwa mengine yote. Kumwita mahakamani ni haki. Kumwita yeye peke yake na kufunga kesi, hapo ndipo mtu hudhulumiwa. Na kumfukuza kabisa ili ndugu na rafiki watoe ushahidi mahali pake, hiyo nayo ni dhuluma, tena kongwe zaidi.

"Chini ya mstari wako wako wangapi, mwanangu?"

"Kumi na wanne, pamoja nawe."

"Mmewasoma?"

"Hawasomwi, Mama. Ndiyo kazi ya mstari."

"Basi msinisamehe mimi. Someni mafaili yote kumi na manne, na hiyo nafasi moja mpeni atakayeonekana."

Mkuu aliinuka nusu kitini. "Unajua unachosema? Mwakani ufadhili huna! Mtu hakati tawi alilolikalia."

"Najua," akasema Mama.

"Kumi na manne," Rula akanung'unika. "Na macho yangu haya!"

"Nitakuazima hadubini."

Usomaji ulichukua wiki nzima. Katika siku hizo Mama alimwomba Mola wake ampe nafasi ile; kisha akaona haya, asije akawa anaomba kilicho haki ya mwingine; kisha akaiomba tena.

Rula alikuja mwenyewe maabara, mikono mitupu.

"Ulikuwa wa pili, Mama. Wa kwanza ni mwanamke wa mtambo wa maji, huko mbali. Ana alama hamsini na mbili. Miaka tisa amepima maji, akagundua vimelea ambavyo wakubwa zake walikataa kuwa vipo, akawaonyesha kioo kwa kioo hadi wakakubali. Mkuu alikupigia kura wewe. Mimi nilimpigia yeye, na mwalimu wa tatu aliyesoma nasi akanifuata. Nisamehe."

"Ungenipigia mimi huku umemwona yeye, hapo ndipo ungeomba msamaha."

Alilisema hilo kwa mdomo. Moyo ulichelewa kufika. Rula alipoondoka, aliingia chumba cha kuoshea vioo, akafungua bomba, akalia maji yakimwagika.

Muhula ulipoanza, mwanamke yule aliletwa kwenye meza yake kama walivyoletwa wengine wote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Vaa glavu."

Mgeni alitandaza tone lake la kwanza kwa mkono mzito wa mtu aliyezoea maji. "Wanasema wewe ndiye mwalimu wa wote hapa," alisema bila kuinua macho. "Uzamili wako uliusomea wapi?"

Mama Hadubini aliihisi husuda ikipanda kama homa. Hakuikana, aliiombea radhi kimoyomoyo, akangoja ipungue.

"Sijausoma bado," alisema, akamsogezea kioo kingine. "Rudia. Tone hili umelitandaza nene mno. Chembe zimelaliana, hutaona kitu."