Nilivyomlilia Ng'ombe Nisiyekuwa Naye

Nichekeni tu, maana hata mimi najicheka. Nafundisha uigizaji hapa Karatu, na mbinu yangu ni moja: usijifanye unalia, lia kweli, na usitoke kwenye uhusika mpaka kazi iishe. Nilibandika mabango, nikaongea redioni, wakaja wanafunzi wawili. Basi nikajirekodi video nikimlilia ng'ombe wangu wa pekee, Maua, aliyeliwa na fisi, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Tangazo la darasa la Jumamosi nililituma kesho yake, ili kwanza watu waguswe.

Waliguswa. Simu zikaanza: "Pole sana, mwalimu." Mimi, ambaye sijawahi kufuga hata kuku, nikadhani wamenogewa na igizo. Nikawajibu kwa kwikwi, uhusika usikatike.

Jumamosi nikakuta ukumbi umejaa. Nikawashukuru kwa kuja kujifunza.

Jirani yangu Mama Paulina akasimama. "Kujifunza nini tena, mwalimu? Tuliona kwenye tangazo kwamba leo utakuwa hapa, tumekuja kukupa pole. Kaka yangu wa Endabash ametoa mtamba, tumemfunga pale nje. Mchukue, uanze upya."

Siku hiyo machozi yaligoma kabisa.

"Mama, ile video ilikuwa ya kutangaza darasa. Sijawahi kuwa na ng'ombe."

Huko nje mtamba akalia. Mama Paulina akatoka nami nikimfuata, akafungua kamba taratibu, akanigeukia.

"Basi, mwalimu, na sisi tulikuwa tunaigiza."