Ndege ya Kukodi na Shamba la Bibi

Leo posa ya dada yangu nusura ivunjike kwa sababu ya ndege.

Ndiyo, ndege. Sisi watu wa Kaliua, ambao ndege tunaisikia tu ikipita juu.

Wageni wamefika kutoka Tabora mjini, wakiongozwa na babu wa kijana anayeposa. Enzi za Ujamaa huyu mzee alikuwa mkubwa wa idara fulani. Chai haijapoa, ameshaanza kujisifu.

"Wenzangu walipanda treni. Mimi nilikodiwa ndege nzima, mimi na rubani tu! Nikaja huku huku kwenu kuwahimiza wananchi wabane matumizi."

Wageni wakapiga makofi. (Jamani, makofi!)

Bibi yangu akaweka kikombe chini.

"Kumbe ni wewe?"

Mzee akatabasamu, akadhani amepata shabiki.

"Tuliambiwa ndege haina pa kutua," Bibi akasema. "Tukafyeka shamba letu la mahindi, yameshatoa mbelewele. Ukashuka na suti yako, ukatuambia tuongeze bidii ya kulima."

Dada ananikodolea macho kana kwamba nimesema mimi.

Mzee akauliza kwa sauti ya chini, "Na ile hotuba yangu, mama, mliipokeaje?"

"Hatukuisikia, baba. Wewe ulikuwa unahutubia, sisi tulikuwa tunatazama mabua."

Posa tumeipokea, kijana hana kosa. Ila mzee kaondoka chai yake ikiwa nusu.

Nyie mngejizuia kucheka? Mimi nilikimbilia jikoni.