Mafuta Niliyoacha Kuyafuta

Mwanangu, iko asubuhi moja ya ujana wangu isiyonitoka moyoni, na namshukuru Mungu aliyenipa umri wa kukusimulia.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa kule Kang'ata. Shamba letu la pamoja lilikuwa na gobole moja tu la kuwafukuzia nguruwe pori waliokuwa wakitumalizia mahindi. Lilitunzwa na Mzee Mhina. Macho yake yalipofifia, akanikabidhi mimi kazi ya kulisafisha.

Alinionyesha akiwa amekaa mkekani. "Kwanza hakikisha halina baruti wala fataki ya kuiwasha. Mafuta, tone tu kwenye nyundo, kisha futa. Futa mpaka udhani hukupaka. Ndani ya mtutu, na pale inapokaa fataki, pawe pakavu."

"Ndiyo, mzee," nikaitikia. Moyoni nikaona ni ubahili. Baiskeli yangu niliimiminia mafuta ikaacha kelele. Bunduki nayo ina kosa gani? Ijumaa ile nikamimina mafuta ya mbarika nje na ndani, nikaliegemeza ukutani, mdomo juu. Liling'aa! Waliotoka msikitini wakanisifu, nami nikazipokea zile sifa.

Kesho yake alfajiri kaka yangu Hamisi akalishindilia baruti, tukaenda shambani. Dume la nguruwe likatoka kwenye mahindi, likamjia. Akafyatua. Nyundo ikagonga, tak, basi. Mafuta yalikuwa yameteremka mtutuni hadi chini, yakailowesha baruti. Nguruwe akampasua paja.

Tulimbeba kwa machela mpaka barabarani, lori likampeleka hospitali Korogwe. Alipona, alhamdulillahi, ila mguu ule haukunyooka tena.

Mzee Mhina alilinusa lile gobole, akanirudishia. "Wewe ulitaka lipendeze," akasema. "Mimi nilitaka lilie." Heri angenifokea.

Hamisi hakunilaumu kamwe. Tukienda swala ya Ijumaa, akiachwa nyuma, alipaza sauti: "Mdogo wangu, lete mafuta yako uupake na huu mguu, labda utakimbia!" Watu walicheka. Mimi nilisimama nikamngoja. Sasa yuko kaburini, na bado nikielekea msikitini napunguza mwendo.

Mwanangu, nia yangu ilikuwa njema, lakini haikumkinga kaka yangu. Ukikabidhiwa silaha, toa kwanza kilichomo. Pangusa vumbi, paka kidogo panaposuguana, kisha ufute. Mtutu uache mkavu. Usipoelewa sababu ya unaloambiwa, muulize aliyekufundisha angali hai. Mimi niliona haya kuuliza, na aliyelipa ni mwingine.

Mungu akupe mikono yenye kiasi na masikio yenye subira. Akujalie ndugu wa kutembea naye, nanyi mfike pamoja. Amina.